Mkataba wa serikali ukisitishwa, gharama huhitaji ushahidi

Mkataba wa bei isiyobadilika humzoesha mkandarasi kutoangalia gharama zake. Anapeleka mzigo, anatuma ankara, analipwa bei waliyokubaliana. Ametumia pesa nyingi au kidogo, hilo ni lake. Kisha inafika notisi kwamba serikali ya Marekani imesitisha mkataba kwa manufaa yake yenyewe, yaani bila mkandarasi kuwa na kosa lolote, na hesabu inabadilika. Bidhaa zilizokwisha kupokelewa zitalipwa kwa bei ya mkataba. Kazi iliyoachwa katikati haina bei. Inalipwa kwa gharama zilizoingiwa pamoja na faida ya haki, na gharama hizo lazima zionekane kwenye vitabu.

Kazi yangu ni kuandaa madai ya aina hii, na kinachonisikitisha ni kuona watu waaminifu wakipoteza haki yao. Chuma cha kazi tano kimenunuliwa kwa ankara moja na kuandikwa mstari mmoja. Mafundi wamesaini mahudhurio kila siku, lakini hakuna mahali panapoonyesha saa zipi zilikwenda kwenye mkataba upi. Kazi ilifanyika kweli, ila mkaguzi hawezi kuipima kwa maneno ya mdomo.

Kwa hiyo siku notisi inapofika, jambo la kwanza ninalotaka kwa mhasibu ni kutenga gharama katika mafungu matatu: zilizoingiwa kabla ya kusitishwa, zile zinazoendelea baadaye kwa sababu haziwezi kukatika mara moja, na gharama za kumaliza mkataba wenyewe. Kila fungu lina kipimo chake. Ukiyachanganya mwezi wa kwanza, hutaweza kuyatenganisha mwezi wa nane.

Fungu la pili ndilo lenye mabishano mengi. Kifungu 52.249-2 cha kanuni za ununuzi za serikali kuu ya Marekani, zinazojulikana kama FAR, kinamtaka mkandarasi asimamishe kazi kama notisi inavyoelekeza, asiagize kitu kipya kwa sehemu iliyositishwa, na asitishe mikataba midogo inayohusika, yaani ile aliyowapa wengine sehemu ya kazi hiyo. Gharama iliyoendelea kwa uzembe au kwa makusudi hailipwi. Chukua kodi ya jengo lililopangishwa kwa ajili ya kazi hiyo. Risiti za kodi peke yake hazitoshi. Ninachohitaji ni barua uliyomwandikia mwenye jengo ukiomba kuvunja upangaji, jibu lake, na kumbukumbu za jinsi ulivyotafuta mpangaji mwingine. Kumbukumbu hapa ni ushahidi wa juhudi, na juhudi isiyoandikwa siku ilipofanyika ni vigumu sana kuithibitisha baadaye.

Fungu la tatu husahaulika. Saa za mhasibu anayeandaa dai, ada ya mwanasheria, kuhifadhi na kulinda mali mpaka serikali iamue iende wapi: hizi zinaweza kulipwa zikiwa za kiasi. Kanuni ya 31.205-42 ya FAR hiyohiyo inasema zikiwa kubwa lazima ziwe na akaunti yake. Zaidi ya hapo, malipo ya jumla hayaruhusiwi kuvuka bei ya mkataba, lakini gharama za kumaliza mkataba hazihesabiwi ndani ya ukomo huo. Fungua msimbo wa akaunti ya gharama hizo siku ileile notisi inapofika.

Mali nayo ihesabiwe mapema, kabla haijahamishwa. Orodha za mali zinatakiwa ndani ya siku 120 tangu tarehe ya kusitishwa. Vifaa unavyoweza kuvitumia kwenye kazi zako nyingine kwa kawaida havilipwi, isipokuwa uonyeshe kwamba kubaki navyo kutakutia hasara. Hapo leja ya ghala na oda ulizo nazo mkononi ndizo zitakazokutetea.

Dai la mwisho lina muda wa mwaka 1 tangu tarehe ya kusitishwa. Ukipita bila kuliwasilisha wala kuomba nyongeza ya muda kwa maandishi, afisa wa mikataba wa serikali anaweza kupanga kiasi mwenyewe, nawe unapoteza haki ya kukata rufaa.

Wapo wanaoniambia kwamba kanuni zenyewe zinasema suluhu, yaani makubaliano ya malipo, ni suala la busara ya kibiashara kuliko uhasibu mkavu, na kwamba makadirio yanaruhusiwa. Ni kweli, na ni jambo jema. Lakini afisa anayekubali kadirio lako naye analazimika kuandika kwenye jalada lake kwa nini amelikubali. Mpe cha kuandika. Hata suala la hasara linamalizwa hivyo: ikionekana kwamba mkataba ungekula hasara hadi mwisho, faida haitolewi na malipo hupunguzwa kwa uwiano. Asiye na makisio yake ya gharama zilizobaki atapimwa kwa makisio ya upande wa pili.

Mikataba ya bidhaa na huduma za kibiashara ni myepesi zaidi. Kifungu 52.212-4 kinalipa asilimia ya bei kulingana na kazi iliyofanyika, pamoja na gharama za haki ulizoingia kwa sababu ya kusitishwa, na kinakuruhusu kuzithibitisha kwa mfumo wako wa kawaida wa kumbukumbu. Ni sharti mfumo huo uwepo.

Mikataba mingi iliyositishwa mwaka 2025, ikiwamo ya USAID, iliwagusa pia wakandarasi wadogo, yaani waliopewa sehemu ya kazi na mkandarasi mkuu, walio mbali na Marekani. Mkandarasi mdogo hana mkataba na serikali. Dai lake anampelekea mkandarasi mkuu, na mkuu ndiye analibeba mbele. Usimtumie jumla tupu. Mtumie pamoja na ankara, saa za kazi na nakala ya notisi yenye tarehe uliyoipokea. Ruzuku zina kanuni zake nyingine, kwa hiyo soma kwanza kichwa cha hati uliyosaini.

Malipo yakishaingia benki, usichome makaratasi. Kifungu kilekile cha 52.249-2 kinataka kumbukumbu zote za sehemu iliyositishwa zitunzwe miaka 3 baada ya suluhu ya mwisho, na serikali iruhusiwe kuzikagua ofisini kwako bila kutozwa. Nakala za picha zinakubalika badala ya hati halisi iwapo afisa wa mikataba ameidhinisha. Idhini hiyo iombe kwa maandishi, na jibu lake liweke kwenye jalada hilohilo.