Unyooshaji: kinachoigeuza plastiki ya kawaida kuwa uzi wa kazi ngumu

Chomoa utepe mmoja kwenye kiroba kikuukuu, kile cha sandarusi kinachofungashiwa unga, sukari au mbolea. Uvute kwa urefu: utakuumiza vidole kabla haujakatika. Kisha uchane kwa ukucha kuanzia nchani: unapasuka hadi mwisho bila taabu, kama jani la mgomba. Utepe huo ni polipropilini, plastiki ileile ya viti na vyombo vya jikoni, lakini kiti hakichaniki hivyo wala hakina nguvu hizo. Kinachotofautisha ni kazi moja inayofanywa kiwandani baada ya plastiki kuyeyushwa na kupoozwa. Kazi hiyo ni unyooshaji.

Kunyoosha maana yake ni kuivuta polima iliyokwisha kuganda, ikiwa imelainishwa kwa joto lakini haijayeyuka, hadi irefuke mara kadhaa na isirudi, ili molekuli zake zilale upande mmoja. Polima ni mnyororo mrefu. Mmoja wa polithini, plastiki ya mifuko na ndoo, una maelfu ya atomi za kaboni zilizoshikana. Ikiachwa ipoe yenyewe, minyororo hujikunja na kuzongana kama tambi sufuriani. Ukikivuta kitu cha namna hiyo, mzigo hauviangukii vifungo vya kaboni kwa kaboni, ambavyo ni imara mno. Unaangukia pale minyororo inapogusana tu, na mguso huo ni dhaifu: minyororo inateleza, plastiki inarefuka, inakatika. Ikiwa imelala sambamba, vifungo vyenyewe ndivyo hubeba mzigo. Polithini ya ndoo hukatika kwa mkazo wa megapaskali 30 hivi (megapaskali ni kipimo cha nguvu inayobebwa na eneo fulani). Polithini ya aina hiyohiyo kikemia, yenye minyororo mirefu zaidi na ikanyooshwa kadiri inavyowezekana, hufika megapaskali 3,000, yaani mara 100.

Jambo hili lilionekana waziwazi mwaka 1930 katika maabara ya kampuni ya kemikali ya DuPont, Wilmington, Marekani. Julian Hill, aliyekuwa kwenye kundi la Wallace Carothers, alivuta nyuzi kutoka kwenye poliesta iliyoyeyuka, akagundua kwamba hata baada ya kupoa ziliweza kuvutwa tena mara kadhaa ya urefu wake, na hapo ndipo zilipopata nguvu na mng'ao. Poliesta ile iliyeyuka kwa joto dogo, haikufaa kitu, lakini ujuzi wenyewe ulihamia kwenye nailoni iliyopatikana mwaka 1935. (Mtaani kila karatasi ya plastiki huitwa nailoni, ilhali nyingi ni polithini. Nailoni halisi utaikuta kwenye mishipi na nyavu za wavuvi.)

Turudi kwenye utepe wa kiroba, maana ndiyo njia nyepesi ya kuona kazi inavyokwenda. Chembe za polipropilini, zikichanganywa na asilimia chache za unga wa chokaa na dawa ya kukinga jua, huyeyushwa kwenye ekstruda, mashine ya kuyeyusha na kusukuma plastiki, kwa nyuzijoto 230 hadi 260. Hutoka kwenye mdomo mpana kama utando na kutumbukia mara moja kwenye beseni la maji. Maji yakipata joto kupita kiasi, fuwele kubwa (sehemu ambamo minyororo imejipanga na kugandamana) huota ndani ya utando na baadaye hukataa kunyooka. Nyembe huukata kuwa tepe. Tepe hupita kwenye rola zinazozunguka polepole, zikaingia oveni, zikapokewa na rola zinazozunguka haraka mara 5 hadi 6 kuliko zile za kwanza. Tofauti hiyo ya mwendo ndiyo inayonyoosha, na mgawanyo wake huitwa uwiano wa kunyoosha. Mwisho kuna rola za moto zinazokwenda polepole kidogo kuliko za pili, ili utepe ulegee na kutulia. Ukiruka hatua hiyo, utepe utasinyaa baadaye, ukiwa umezungushwa kwenye bobini au kiroba kikiwa kimeanikwa juani.

Nafasi ya nyembe ina hesabu yake. Utepe ukinyooka mara 6, upana na unene kila kimoja hupungua kwa kipeuo cha pili cha 6, yaani mara 2.45. Ukitaka utepe wa milimita 2.5, kata wa milimita 6.1.

Makosa yako pande mbili. Uwiano ukiwa mdogo, labda mara 3 au 4, utepe unakuwa na sehemu nene na nyembamba, na kiroba hulegea kikipakiwa. Ukizidi mno, utepe hupasuka kwa urefu na kutoa manyoya yanayokwama kwenye mitambo ya kufuma. Chokaa huwekwa kuzuia kupasuka huko. Kwa kuwa chokaa ni nafuu kuliko plastiki, kishawishi cha kuizidisha ni kikubwa. Matokeo yake ni utepe mzito usio na nguvu, na hasara humwangukia mbebaji wa mzigo. Dawa ya jua nayo si pambo. Polipropilini isiyokingwa huanza kuvunjika na kuwa unga ndani ya miezi michache ya jua kali.

Kwa nini tusiuvute utepe huo mara 30 ili upate nguvu zaidi? Kwa sababu ya mafundo. Minyororo iliyozongana inapofika ukomo wake hukazana kama kamba iliyojifunga, na ukiendelea kuvuta unakata. Waliolipatia jibu swali hili ni Paul Smith na Piet Lemstra wa kampuni ya DSM, Uholanzi, mwishoni mwa miaka ya 1970. Walichukua polithini yenye minyororo mirefu sana, uzito wa molekuli ukiwa zaidi ya milioni 1, wakaiyeyusha kiasi cha asilimia chache tu ndani ya dekalini ya moto, kimiminika cha kuyeyushia. Kwenye mchanganyiko mwepesi namna hiyo minyororo hukaa mbalimbali, mafundo yanakuwa machache. Mchanganyiko husukumwa kwenye vitundu, hupoozwa ghafla ukawa jeli, kisha jeli hiyo hunyooshwa kwenye oveni mara 30 na zaidi. Uzi unaopatikana una uzito wa gramu 0.97 kwa sentimita moja ya ujazo, kwa hiyo unaelea majini, na kwa uzito uleule hubeba mzigo mkubwa mara kadhaa kuliko waya wa chuma.

Lakini ni uzi wa kuheshimiwa udhaifu wake. Unayeyuka kwenye nyuzijoto 150 hivi na hupoteza nguvu mapema kabla ya hapo. Ukining'iniza mzigo juu yake miezi na miezi, unazidi kurefuka polepole, hata kama mzigo uko chini ya kiwango. Tena ni mtelezi: fundo la kawaida hufunguka lenyewe, hivyo ncha za kamba hurudishwa na kusukwa ndani ya kamba yenyewe badala ya kupigwa fundo.

Aramidi, jamii ya nyuzi imara ambayo Kevlar, ule wa fulana za kuzuia risasi, ni mojawapo, ilifuata njia nyingine kabisa. Molekuli zake ni ngumu kama fito, hazijikunji, kwa hiyo kazi ya kuzifungua haipo. Kinachotakiwa ni kuzilaza upande mmoja. Stephanie Kwolek aliliona hilo DuPont mwaka 1965, alipopata mchanganyiko mwembamba wenye ukungu usiofanana na wa polima nyingine. Kiwandani huyeyushwa ndani ya asidi kali ya salfuriki, asilimia 20 hivi ikiwa polima, hutoka kwenye vitundu, hupita pengo dogo la hewa ambamo huvutwa, kisha huingia kwenye maji baridi. Haiyeyuki kwa moto, huungua tu ikipita nyuzijoto 400. Ukiikandamiza kwa urefu hujikunja vifinyo na kudhoofika, na jua huila; kamba ya aramidi inayokaa nje lazima ivikwe ganda.

Utando wa kuhami mota za umeme hauwezi kuwa na nguvu upande mmoja tu, la sivyo utachanika kama utepe wetu. Hivyo hunyooshwa pande mbili. Kwa PET, poliesta ileile ya chupa za maji, kwanza chembe hukaushwa hadi maji yabaki chini ya gramu 50 kwa tani, kwani kwenye nyuzijoto 280 maji hayo hukata minyororo na utando huwa mkavu wa kuvunjika. Plastiki iliyoyeyuka humwagwa juu ya pipa baridi linalozunguka, ikagande bila fuwele, angavu kama kioo. Huvutwa kwa urefu mara 3.2 kwenye nyuzijoto 80 hadi 100, kisha vibanio huishika kingo na kuitanua mara 3.6 ndani ya oveni. Karatasi ya mikroni 138 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) inakuwa mikroni 12. Ikiwa bado imebanwa, hupitishwa kwenye nyuzijoto 200 hadi 230 ili fuwele ziufunge mpangilio. Punje ya uchafu ya mikroni 20 katika utando wa mikroni 12 ni tundu, ndiyo maana plastiki huchujwa kabla ya kumwagwa.

Hapa kuna kosa linalowapoteza wengi: kunyoosha kwenye joto kubwa mno. Utando unarefuka vizuri, haukatiki, kila mtu anafurahi, lakini minyororo inajikunja tena papo hapo ikingali laini. Umerefusha bila kupanga, na nguvu haijaongezeka.

Ukiwa mnunuzi, usitazame nguvu ya kukatika peke yake. Tazama pia uzi unarefuka asilimia ngapi kabla ya kukatika. Uzi ulionyooshwa hadi mwisho hurefuka asilimia 3 au 4, wakati nailoni huweza kupita 15. Kamba isiyorefuka haimezi mshtuko. Kwa sababu hiyo, kwenye meli kubwa kamba ya polithini iliyonyooshwa huungiwa mkia wa nailoni wa mita 11 au 22 upande wa gatini, wimbi likiisukuma meli mkia ndio unaonyumbuka.