Hukuwa Samaki Tumboni mwa Mama Yako

Muhula huu nimeulizwa mara ya nne, na safari hii na mwanafunzi wa mwaka wa tatu: "Mwalimu, si binadamu huanza kuwa samaki tumboni, ndiyo maana ana matamvua, vile viungo vya samaki vya kupumulia majini?" Hapana. Hana matamvua, na hajawahi kuwa nayo hata siku moja.

Anachokiona kwenye mchoro wa kiinitete, yaani mtoto anapoanza kuumbika tumboni, ni matao ya koromeo, mikunjo inayojitokeza chini ya kichwa kuanzia wiki ya nne. Samaki naye anayo. Kwake, matao ya nyuma hujenga matamvua. Kwetu, tao la kwanza hutoa taya na vifupa viwili vya sikio, nyundo na fuawe. La pili hutoa kikuku, kifupa cha tatu cha sikio. Ya nyuma huishia kwenye gegedu za zoloto, kisanduku cha sauti kooni. Hakuna siku mtoto anapumua kwa mikunjo hiyo. Oksijeni yake inapitia kondo la nyuma na kitovu, basi.

Kosa hili lina mwenyewe. Mwaka 1866 Ernst Haeckel, mwanabiolojia Mjerumani, alitangaza kwamba kiumbe kinapokua hurudia historia ya wahenga wake. Mwaka 1868 akachapisha kitabu ambamo mchoro uleule ulitumika mara tatu: huyu mbwa, huyu kuku, huyu kobe. Wanasayansi wenzake walimuumbua, lakini fikra yake mpaka leo naikuta kwenye fotokopi za tuisheni, na inaniuma.

Inaniuma zaidi kwa sababu jibu lilikuwepo tangu 1828. Mwanasayansi Karl Ernst von Baer alionyesha kwamba viinitete vya wanyama wenye uti wa mgongo hufanana vikiwa vichanga, kisha kila kimoja hushika njia yake. Alikuwa na viwili kwenye spiriti, akasahau kuviandika majina, akashindwa kusema ni vya mjusi, ndege au mnyama anyonyeshaye. Kwa hiyo kiinitete chako hakikupita kwa samaki mzima. Kilifanana na kiinitete cha samaki, ambacho nacho hakijawa samaki bado.

Usinibishie kabla hujaona. Tafuta mayai ya kienyeji kwa mfugaji mwenye jogoo. Mengi ya dukani ni ya kuku wasiojua jogoo, utayaatamisha bure. Yaweke kwenye nyuzijoto 37.5, ufungue moja siku ya nne: moyo unapiga, na matao yapo shingoni. Kisha nenda Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, alfajiri, umwombe kijana anayepara samaki akufunulie mashavu ya changu uone matamvua. Linganisha.

Makosa mengine ninayoyasikia nayajibu upesi.

"Kila mnyama ana jeni zake tu, yaani maelekezo ya kurithi, za kujengea viungo." Mwaka 1995 maabara ya mwanabiolojia Walter Gehring mjini Basel, Uswisi, iliwasha jeni ya panya, Pax6, mahali pasipo pa jicho kwenye mwili wa nzi wa matunda. Likaota jicho, tena la nzi, si la panya.

"Mageuko, yaani viumbe kubadilika kizazi hadi kizazi, hayatuhusu huku." Furu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria, ni mamia ya spishi: wapo wanaokwangua mwani, wapo wanaovunja konokono. Taya zao za mdomoni zinatoka kwenye lile tao la kwanza.

"Mdomo sungura ni mtoto kurudia unyama," au eti mama alimtazama sungura. Sehemu za mdomo wa juu hazikuungana kati ya wiki ya nne na ya saba. Mwacheni mama wa watu. Mpelekeni mtoto kwa daktari wa upasuaji.