“Chekechea wanacheza tu”
Newala au Tandahimba, wilaya za wakulima wa korosho mkoani Mtwara, Tanzania, bado utasikia: “Chekechea wanacheza tu, ataanza darasa la kwanza.” Kucheza wanacheza, kweli. Ila mtoto anayegawa korosho kwa mafungu ya tatu tatu anajifunza hesabu. Anayesubiri zamu ya kuruka kamba anajifunza subira, na anayefinyanga udongo anaimarisha vidole vitakavyoshika penseli. Kumkaririsha herufi kutwa nzima (wazazi wengine ndicho wanachodai!) ni kumchosha bure. Tena hapa hakuna hisani: Sheria ya Mtoto ya 2009 inataja elimu na mchezo kuwa haki zake, na Sera ya Elimu ya 2014 ikaifanya elimu ya awali kuwa ya lazima. Shule za serikali hazidai ada, hata bei ya korosho ikishuka.