Kupanga vipaumbele vya utafiti wa afya kwa wapenzi wa jinsia moja, watransijenda na huntha pwani ya Kenya

Tangu 2005 watafiti wa KEMRI (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba) walioko Kilifi wamekuwa wakifuatilia afya ya wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume katika mji wa Mtwapa. Mengi tunayoyajua leo kuhusu VVU katika kundi hili hapa Afrika Mashariki yalitoka huko. Lakini mwanamke anayependa wanawake, mkazi wa Mtwapa hiyo hiyo, akiuliza ni nini kimechunguzwa kuhusu afya yake, jibu ni fupi mno. Mzazi wa mtoto huntha, aliyezaliwa na maumbile ya jinsia yasiyo ya kike wala ya kiume kikamilifu, naye hapati la kumshika mkono.

Fedha zilikuja kwa ajili ya VVU, na maswali yakafuata fedha. Kwa hiyo anayetaka kupanga vipaumbele upya asianzie kwenye kura. Aanzie kwenye ukusanyaji wa maswali, kwa sababu swali ambalo halikuletwa mezani haliwezi kushinda, hata mbinu ya kupiga alama iwe nzuri namna gani.

Kwanza andika ukurasa mmoja tu: orodha inahusu nani, eneo gani, miaka mingapi, na nani ataipokea. Miaka mitatu hadi mitano inatosha. Mpokeaji atajwe kwa cheo: idara ya afya ya kaunti, NASCOP (mpango wa taifa wa kudhibiti UKIMWI na magonjwa ya zinaa), kamati ya ufadhili. Orodha isiyo na mpokeaji huishia kabatini.

Kisha unda kikundi cha uongozi cha watu 10 hadi 14, angalau nusu wakiwa wanajamii wenyewe. Wasiwe wanaume peke yao. Tenga nafasi kwa wanawake wanaopenda wanawake, watransijenda wanawake na watransijenda wanaume (wanaojitambua kwa jinsia tofauti na waliyoandikiwa walipozaliwa), huntha, na watu waliopita miaka 45. Posho ya mwanajamii ilingane na ya daktari aliyekaa kando yake. Akilipwa nauli tu huku mwenzake akilipwa kwa siku, ameshaambiwa sauti ya nani ina uzito.

Usalama ni suala la kila hatua. Vifungu 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyoharamisha ngono kati ya wanaume, bado vipo. Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta tarehe 24 Mei 2019. Februari 2010 uvumi wa harusi ya wanaume wawili ulienea Mtwapa, na umati ukakivamia kituo cha afya ambamo utafiti ulikuwa ukifanyika. Baada ya hapo watafiti wa Kilifi walifanya kazi ndefu ya kuzungumza na kuwafunza viongozi wa dini, kazi ambayo inafaa itangulie, isingoje ghasia. Chifu, imamu na mchungaji wa eneo wajue kwamba kuna shughuli ya afya na wawe na namba ya kupiga wakisikia uvumi. Hawahitaji kujua majina wala mahali pa kikao.

Mambo madogo ndiyo huwaumiza watu. Kundi la WhatsApp linaonyesha namba ya kila mmoja, na mara nyingi picha yake pia, kwa wote waliomo. Simu moja ikishikwa na polisi au ndugu, wote wamejulikana. Tumia ujumbe wa mtu mmoja mmoja. Karatasi ya mahudhurio iwe na namba za siri badala ya majina, na bango lisiwepo mlangoni. Iombe kamati ya maadili ikubali ridhaa ya mdomo, kwa maana mara nyingi sahihi ndiyo kitu pekee kinachomfunga mtu na utafiti. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inauhesabu mwelekeo wa kimapenzi kuwa data nyeti, basi tathmini ya athari za data ifanywe kabla ya mahojiano ya kwanza. Ilipopendekezwa kutumia alama za vidole katika utafiti wa makundi yaliyo hatarini zaidi nchini, mashirika ya wanajamii yalikataa kwa sauti moja, na yalikuwa na haki. Mtu huweza kubadili namba ya siri. Kidole hawezi.

Katika kukusanya maswali, usimuulize mtu "ungependa utafiti gani ufanywe?" Atakujibu anachodhani unataka kusikia, na utajaza daftari zima VVU. Muulize: ni nini kuhusu mwili wako au akili yako kinachokusumbua na hujapata jibu? Mara ya mwisho kwenda hospitali ulikwama wapi? Vikundi vya watu 6 hadi 8 vinafaa, kila kundi peke yake, kwa lugha yao. Ili kuwafikia wasiotembelea vituo vya mashirika, mpe kila mshiriki kuponi tatu awaalike wenzake, kama inavyofanyika katika sampuli za kualikana. Wanawake walioolewa na wanaume huku wakipenda wanawake hupatikana kwa njia hii karibu peke yake.

Utapata sentensi mamia. Zigawe mafungu matatu. "Vilainishi vimeisha kituoni" ni kero ya huduma, ipelekwe kaunti wiki hiyo hiyo. "Je, PrEP (dawa ya kujikinga na VVU) inaharibu figo?" lina jibu tayari, na linahitaji elimu iliyo wazi. Kinachobaki ndicho swali la utafiti, mathalani: kipimo cha HPV (virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi) ambacho mwanamke anajichukulia mwenyewe kinaweza kuwafikia wanaokwepa kliniki za uzazi? Unganisha yanayofanana hadi yabaki 40 au 60, na uhifadhi maneno ya asili pembeni ili mwenye swali alitambue.

Sasa alama. Mbinu ya CHNRI, njia ya kupanga maswali ya utafiti kwa alama iliyoanzia katika utafiti wa afya ya watoto, ina vigezo vitano: je, swali linajibika, tiba au huduma itakayotokana nalo itafaa, itaweza kufikishwa kwa watu, itapunguza mzigo wa ugonjwa, italeta usawa. Mpigaji anaweka 1 kwa ndiyo, 0 kwa hapana, 0.5 akiwa analijua jambo lakini hajaamua, na anaacha wazi asipolijua. Wastani wa kila kigezo huzidishwa kwa 100, kisha vitano vinatafutiwa wastani.

Kosa kubwa hutokea kwenye zile nafasi wazi. Chukua mfano wa kubuni: wapigaji 20, na swali kuhusu watoto huntha waliofanyiwa upasuaji wakiwa wachanga. Watu 14 hawalijui, wanaacha wazi. Sita wanajibu, watano 1 na mmoja 0.5. Hesabu sahihi ni 5.5 kugawa kwa 6, yaani 92. Karani akisoma nafasi wazi kama sifuri, anagawa kwa 20 na kupata 28, na swali linafia hapo. Sensa ya 2019 ilihesabu huntha 1,524. Ni watu, na ujinga wetu usihesabiwe dhidi yao. Andika kando ya kila alama idadi ya waliojibu, ili msomaji ajue uzito wake.

Vigezo viwili vinahitaji kurekebishwa. Usawa, jinsi ulivyo, hautofautishi kitu, kwani karibu kila swali hapa linahusu watu waliosukumwa pembeni. Uliza badala yake: linamfikia aliyeachwa ndani ya makundi haya? Nao mzigo wa ugonjwa huipendelea VVU kwa sababu ndiyo yenye takwimu. Katika tafiti nyingi watransijenda wanawake wamehesabiwa ndani ya kundi la wanaume, basi mzigo wao hausomeki popote. Kwa hiyo dodoso lolote litakalofuata liulize mambo mawili mbalimbali: jinsia aliyoandikiwa mtu alipozaliwa, na anavyojitambua sasa.

Usalama sikubali upewe alama. Uwe lango. Swali linalodai ramani ya vijiwe vya watu lisipigiwe alama hata kidogo mpaka libuniwe upya, kwa sababu alama nyingi za manufaa zikijumlishwa huifunika hatari.

Chapisha alama za wanajamii na za wataalamu katika safu mbili. Pale zinapoachana sana, tuseme 84 kwa 51, ndipo pa kutumia saa za kikao cha mwisho. Na kila kundi lihakikishiwe nafasi kwa maswali yake matatu ya juu, lisimezwe na wingi wa wengine.

Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, na ruhusa iliyofuata ikabakiza PrEP kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu, ilionekana wazi jinsi kipaumbele cha mfadhili mmoja kinavyoweza kugeuka kwa barua moja. Kwa sababu hiyo weka gharama kando ya kila swali, na utenge yale yanayowezekana bila mfadhili wa nje: kupitia kumbukumbu za kliniki zilizofutwa majina, au kupima sonona kwa dodoso la PHQ-9 ya Kiswahili, maswali tisa, ambayo imeshahakikiwa Kilifi. Hayo yaanze mwaka wa kwanza, na matokeo yarudishwe kwanza kwa waliouliza, kwa mdomo, kabla ya kupelekwa kwenye jarida lolote.