Gari kuvuta upande mmoja si alaimenti kila saa

Wiki hii watu watatu wamenijia hapa Nakuru na maneno yale yale, "fundi, gari inavuta kushoto, nipeleke alaimenti?", yaani magurudumu yanyooshwe kwa mashine. Boss, inavuta lini? Hapo mtu ananyamaza.

Ikivuta muda wote, anza na upepo wa taya (tairi), halafu taya za mbele zibadilishane, ya kushoto iende kulia. Ikigeuka ivute upande ule mwingine basi ni taya, hiyo pesa ya mashine nunulia watoto unga. Ikivuta ukikanyaga breki tu, alaimenti haina kazi hapo, breki ya upande mmoja inashika na ya pili imelala, na gari inaenda kule inakoshika.

Juzi Probox imetoka Molo, mwenyewe ameshalipa alaimenti mara mbili na sasa inavuta kushoto hata bila breki. Sikushika spana. Nilisogeza tu mkono kwa rimu, ya kulia vuguvugu, ya kushoto mkono haukai. Nikapiga jeki, gurudumu halizunguki. Nikafungua ile nipo ya kutoa hewa kwa kalipa, ile inayobana pedi kwa diski, mafuta ya breki yakaruka chwaa na gurudumu likaachilia hapo hapo, na hakuna mtu alikuwa kwa pedali! Presha imefungiwa ndani, hosi, ule mpira wa kupitisha mafuta ya breki, imevimba kwa ndani, inapitisha mafuta ukikanyaga lakini hairudishi, na nje inaonekana safi kabisa ndio maana wengi wanaipita. Gurudumu lingekataa kuachilia ningeenda kwa pistoni na pini za kalipa, hizo zinakwama sana na haya matope yetu, na kuna mafundi wakiweka pedi mpya wanazirudisha kavu bila grisi, sijui grisi ni bei gani.

Alaimenti ni ya mwisho, baada ya boljointi, taidrodi na bushi, vile viungo vya magurudumu na usukani, kuwa sawa. Kuipiga juu ya boljointi iliyolegea ni kumpima suruali mtu anayecheza densi.

Usukani kutetemeka nao: kwa spidi ya 80 mpaka 100 bila kushika breki, hiyo ni balansi, uzito wa gurudumu haujalingana pande zote. Ukitetemeka ukishika breki kushuka Sachangwan, angalia diski, lakini kabla ununue mpya piga brashi ile kutu ya habu, pale diski inakalia, kwa sababu diski ikikaa upande hata kidogo sana itakusumbua tena.

Tok tok kwa matuta si lazima shoka (shock absorber). Anza na linki za stabilaiza, vile vyuma vya kuzuia gari kulala kwa kona, ni rahisi. Shoka iliyokufa mara nyingi inavuja kimya kimya na kurusha gari.

"Mafuta ya breki yameshuka, niongezee." Hapana. Pedi zikiisha pistoni inatoka na mafuta yanaifuata, kwa hivyo angalia pedi, zikiwa nene tafuta mahali yanavuja. Na yabadilishe kila miaka 2, yanavuta maji: DOT 4 (aina ya mafuta ya breki) mpya haichemki kabla ya digrii 230, ikishanyonya maji inaweza kuchemka kwa 155 hivi, na pedali inazama ukiwa kwa mteremko.

Halafu ile ya kutingisha gurudumu na kusema "beringi imeisha". Likicheza kushoto kulia, shuku taidrodi. Likicheza juu chini, mwambie mtu akanyage breki utingishe tena: mchezo ukipotea ni beringi, ukibaki ni boljointi.