Je, wajua? Duara kubwa maabara halina maana kwamba ukwaju ni dawa kali

Mkwaju hauogopi ukame wa Dodoma, na majani na magome yake yametumika miaka mingi kwa vidonda, homa na tumbo. Maabara hupimaje madai hayo?

Kwa kawaida majani, magome au nyama ya tunda hukaushwa, husagwa, hulowekwa kwenye maji au ethanoli (aina ya alkoholi), kisha huchujwa. Bakteria hupakwa juu ya sahani yenye jeli ya agari, jeli hutobolewa kitundu, na dawa hudondoshewa humo. Sahani hulazwa usiku kucha kwenye joto kama la mwili. Asubuhi utando wa bakteria umetanda kila mahali, isipokuwa duara safi kuzunguka kitundu. Hilo ndilo hupimwa kwa rula.

Wengi husoma kwamba milimita 20 zimeshinda milimita 12. Sivyo. Duara hilo limechanganya mambo mawili: ukali wa dawa na wepesi wake wa kupenya jeli. Chukua soko lililofurika siku ya mnada. Mtoto atapenya hadi upande wa pili. Mpagazi mwenye gunia la karanga atakwama karibu na geti, ingawa mwenye misuli ni yeye. Tanini za mkwaju, yaani kemikali zinazokakasa kinywa, ni molekuli kubwa, tena zinanata: ndio wapagazi. Na bakteria hawasubiri. Wakishazaliana vya kutosha, mpaka umewekwa, na dawa iliyo njiani imechelewa.

Mbona basi hospitali hupima antibiotiki kwa milimita? Kwa sababu kila antibiotiki ina jedwali lake la kutafsiri milimita hizo, na hata hivyo hazishindanishwi moja na nyingine kwa rula. Ukwaju hauna jedwali.

Kuna na mtego wa asidi. Nyama ya ukwaju imejaa asidi ya tartari, ambayo peke yake yaweza kuzuia bakteria, kama siki. Ethanoli nayo huua. Kwa hiyo mpimaji makini huweka kitundu cha ethanoli tupu, na kingine cha dawa iliyopunguzwa uchachu. Duara likitoweka kwenye hicho cha pili, kilichofanya kazi kilikuwa uchachu tu.

Nguvu yenyewe hupimwa vizuri zaidi kwa kuzimua: nusu, robo, thumni, hadi kiwango cha chini kabisa kinachozuia bakteria kuota. Hata hivyo, hiyo ni chupa, si mgonjwa.

Cha kuchekesha, kazi ya ukwaju inayojulikana sana, kulainisha choo, haiwezi kuonekana kwenye sahani hiyo hata kidogo.