Baraza la Usalama limewahi kupanuliwa. Tuangalie ilivyofanyika

Watu wengi ninaozungumza nao kuhusu Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa huamini kwamba idadi ya wajumbe wake haijaguswa tangu 1945. Imeguswa, mara moja tu. Kisa cha mara hiyo moja nimekifundisha kwa miaka mingi katika somo la sheria ya mashirika ya kimataifa, na kila nikikirudia nazidi kuamini kwamba ndicho kinachoeleza vizuri kwa nini India, Brazil na bara zima la Afrika bado hazina kiti cha kudumu katika chombo kinachoamua habari za vita na amani.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa ulipotiwa saini San Francisco mwezi Juni 1945, nchi waanzilishi zilikuwa 51. Za Afrika zilikuwa nne: Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini, na hiyo ya mwisho ilikuwa chini ya utawala wa Wazungu wachache. Baraza lilipewa wajumbe 11, watano wa kudumu na sita wa kuchaguliwa. Kisha makoloni yakaanza kupata uhuru. Mwaka 1960 pekee zilijiunga nchi 17, na 16 kati yake zilikuwa za Afrika. Mwisho wa 1963 wanachama walikuwa wamefika 113, ila viti vya Baraza vilikuwa vilevile 11.

Nchi za Afrika na Asia hazikusubiri wakubwa wakubaliane. Ziliandika rasimu ya kuongeza viti vya kuchaguliwa, zikaipeleka Baraza Kuu na kudai ipigiwe kura. Kura ilipigwa tarehe 17 Desemba 1963, siku moja baada ya Kenya na Zanzibar kupokelewa uanachama. Azimio namba 1991 lilipita kwa kura 97 dhidi ya 11, na nchi nne hazikuegemea upande wowote. Sasa tazama wakubwa walivyopiga. Ufaransa na Umoja wa Kisovieti zilisema hapana. Marekani na Uingereza hazikuegemea upande. Kati ya watano wa kudumu aliyeunga mkono ni China peke yake, na wakati ule kiti cha China kilikuwa mikononi mwa serikali ya Taipei (Taiwan), si ya Beijing.

Kwa hesabu tuliyozoea kuisikia leo, yaani kwamba bila ridhaa ya watano hakuna linalowezekana, suala lilipaswa kufia pale. Halikufa. Kufikia tarehe 31 Agosti 1965 wote watano, wakiwemo wale waliokataa, walikuwa wameridhia. Baraza likawa na wajumbe 15, na ndivyo lilivyo mpaka sasa.

Hayo yaliwezekana kwa sababu ya namna Ibara ya 108 ya Mkataba ilivyoandikwa. Ibara hiyo inaweka hatua mbili. Ya kwanza ni Baraza Kuu kupitisha marekebisho kwa theluthi mbili ya wanachama wote, na humo ndani hakuna kura ya turufu, yaani ile inayomwezesha mkubwa mmoja kuzuia jambo peke yake. Kura ya Nauru ina uzito uleule wa kura ya Marekani. Hatua ya pili ni nchi kuridhia, kila moja kwa utaratibu wa katiba yake, na hapo ndipo theluthi mbili itakayopatikana lazima iwe na wote watano ndani yake. Kwa hiyo nguvu ya kuzuia ipo, lakini iko mwishoni mwa safari. Anayetaka kuzuia analazimika kufanya hivyo hadharani, dhidi ya matakwa ambayo dunia imekwishayahesabu na kuyaandika.

Kati ya 1963 na 1965 hakuna mkubwa aliyetaka kubeba lawama hiyo. Moscow na Washington zilikuwa zikigombea urafiki wa nchi zilizotoka kujitawala, na kila mmoja aliogopa kuonekana ndiye pekee aliyezifungia mlango. Moscow hata ilikuwa imelifungamanisha suala hili na kiti cha China, ikisema Beijing ipewe kiti kwanza ndipo Mkataba uguswe. Ilipofika 1965 ikaliacha sharti hilo na kuridhia.

Najua pingamizi la kwanza litakalotolewa, na lina uzito. Marekebisho yale yaliongeza viti vya kuchaguliwa tu. Hakuna aliyegusa viti vya kudumu wala turufu. Kuomba wajumbe wapya wa kudumu ni jambo zito zaidi, na siamini kwamba wakubwa wataridhia kwa urahisi uleule. Ninachosema ni kwamba tangu wakati ule hawajawahi kulazimishwa kutoa jibu.

Tangu 1993, Baraza Kuu lilipounda kikosi kazi cha kujadili upanuzi, mjadala umekuwa ukizunguka palepale. Mwaka 1997 Razali Ismail wa Malaysia, akiwa Rais wa Baraza Kuu, alipendekeza Baraza la wajumbe 24, wakiwemo watano wapya wa kudumu wasio na turufu. Halikupigiwa kura. Mwaka 2005 zilikuwepo rasimu tatu mezani kwa wakati mmoja: ya kundi la G4, yaani Brazil, Ujerumani, India na Japani, ya Umoja wa Afrika, na ya kundi linaloongozwa na Italia na Pakistan, ambalo halitaki viti vipya vya kudumu kabisa. Hakuna hata moja iliyopigiwa kura. Tangu 2009 kuna kile kinachoitwa mazungumzo baina ya serikali. Kila mwaka hufunguliwa, hotuba husomwa, na yale yaliyosemwa husogezwa kwenye kikao cha mwaka unaofuata. Mwaka 2015 Sam Kutesa wa Uganda, akiwa Rais wa Baraza Kuu, alisambaza waraka uliokusanya misimamo ya nchi kwa maandishi, na baadhi ya nchi zikapinga hata hilo kutumika kama msingi wa mazungumzo.

Kwa mtu aliyezoea meza za majadiliano, hili ni jambo la ajabu. Mikataba ya kimataifa hujadiliwa juu ya karatasi: sentensi hii ibaki, ile iondoke, neno hili libadilishwe. Mazungumzo yasiyo na maandishi hayana pa kuanzia wala pa kumalizia. Tena yanafuata desturi ya kutafuta maafikiano ya wote, na desturi hiyo inampa kila mjumbe turufu ambayo Mkataba haukumpa. Italia haina turufu kwenye Baraza la Usalama, wala Pakistan haina, lakini katika chumba hicho zote mbili zinaweza kusimamisha kila kitu. Wale watano hukaa kimya huku wengine wakizuiana. Wanaweza hata kutoa ahadi nzuri, maana hakuna wa kuzijaribu. Septemba 2024 Marekani ilitangaza kuunga mkono viti viwili vya kudumu vya Afrika, bila turufu. Mwezi huohuo nchi wanachama zilipitisha Mkataba wa Wakati Ujao, ambao unaahidi kurekebisha dhuluma ya kihistoria iliyotendewa Afrika katika Baraza hilo na kuipa Afrika kipaumbele. Maneno mazuri, na yana faida yake, lakini hayajazaa rasimu ya marekebisho iliyowekwa mezani ipigiwe kura.

Afrika yenyewe nayo ina la kuamua. Msimamo wake uliwekwa Machi 2005 katika Makubaliano ya Ezulwini: viti vya kudumu visivyopungua viwili, vyenye haki zote pamoja na turufu, na viti vitano vya kuchaguliwa. Hoja ya turufu imejengwa kwa uangalifu. Umoja wa Afrika unasema unaipinga turufu kimsingi, ila maadamu ipo, haki inadai kila mjumbe wa kudumu awe nayo. Nakubaliana na hoja hiyo kwa moyo wote. Mjumbe wa kudumu asiye na turufu atabaki mgeni wa kudumu. Lakini mwaka uleule wa 2005 G4 walikuwa tayari wajumbe wapya wasitumie turufu mpaka tathmini ifanyike baada ya miaka 15, na wakuu wa Afrika walipokutana Addis Ababa mwezi Agosti walikataa kulegeza. Kama makubaliano yale yangepatikana na kuridhiwa kwa mwendo wa 1963, tathmini hiyo tungekuwa tumekwishaifikia. Huo ndio uamuzi ninaouonea uchungu kuliko mwingine wowote katika historia hii.

Lipo pia suala la nani atakaa. Ezulwini inasema Umoja wa Afrika ndio utakaochagua, na sijaona utaratibu uliokubaliwa wa kufanya hivyo. Dalili ya ugumu wake tuliiona 2020. Umoja wa Afrika ulikuwa umeiteua Kenya kugombea kiti cha miaka miwili tu, Djibouti ikaupinga uteuzi huo na kubaki kwenye kinyang'anyiro mpaka New York, ambako Kenya ilishinda katika duru ya pili kwa kura 129 dhidi ya 62. Kama kiti cha miaka miwili kilileta mvutano huo, cha kudumu kitahitaji kanuni zilizoandikwa mapema: vigezo, muda wa tathmini, na jinsi mjumbe atakavyowajibika kwa bara lililomtuma. Kanuni hizo haziombwi ruhusa kwa yeyote nje ya Afrika.

Wakati hayo yanasubiriwa, kuna kazi ambayo haihitaji Mkataba kuguswa, na nadhani mataifa yanayoinukia yameipa uzito mdogo kuliko inavyostahili. Ndani ya Baraza kuna utaratibu wa mwenye kalamu. Kila suala lina nchi inayoandika rasimu ya kwanza ya azimio, na anayeandika rasimu ya kwanza ndiye anayeamua wengine watabishania nini. Kwa zaidi ya muongo mmoja kalamu nyingi zimekuwa mikononi mwa nchi tatu. Ufaransa imeandika kuhusu Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati, Uingereza kuhusu Somalia, Sudan na Libya, Marekani kuhusu Sudan Kusini. Mjumbe wa Afrika mara nyingi huipata rasimu baada ya hao watatu kuwa wameshapatana, siku chache kabla muda wa ujumbe wa kulinda amani kwisha. Akikataa, anaonekana ndiye anayewaondoa walinda amani.

Hakuna ibara ya Mkataba inayosema kalamu ni ya fulani. Ni mazoea. Kanuni za uendeshaji wa Baraza zenyewe bado zinaitwa za muda, jina zilizopewa 1946. Na Ibara ya 27 inasema masuala ya utaratibu huamuliwa kwa kura tisa, bila turufu. Wajumbe wa kuchaguliwa ni kumi. Wakubwa wanaweza kujaribu kudai kwamba suala fulani si la utaratibu, na huko nyuma wamewahi, lakini hata mabishano hayo yangekuwa ya wazi.

Kumi hao wakishikamana, matokeo huonekana. Mwaka 2014 Australia, Jordan na Luxembourg, zote za kuchaguliwa, ziliandika azimio 2165 lililofungua njia za misaada kuvuka mipaka kuingia Syria bila idhini ya Damascus, na likapita. Desemba 2023 Gabon, Ghana na Msumbiji zilisimamia azimio 2719, linaloruhusu michango ya lazima ya Umoja wa Mataifa kugharamia hadi asilimia 75 ya bajeti ya operesheni za amani zinazoongozwa na Umoja wa Afrika. Afrika ilikuwa imelidai jambo hilo kwa miaka mingi. Machi 2024 wajumbe wote kumi kwa pamoja waliwasilisha azimio 2728 la kusitisha mapigano Gaza, likapata kura 14, Marekani ikijizuia kupiga.

Mipaka ya njia hii nayo ni halisi. Tarehe 4 Juni 2025 kumi hao walileta rasimu nyingine kuhusu Gaza, ikapata kura 14, na turufu ya Marekani ikaiangusha. Azimio 2719 nalo lilipofika wakati wa kutumika Somalia lilikwama kwenye fedha. Ndiyo maana siwezi kusema kalamu inatosha. Kalamu inampa mjumbe sauti katika mambo ambayo wakubwa wanaweza kuyavumilia. Yale wasiyoyavumilia yanahitaji Mkataba wenyewe ubadilike.

Kwa hiyo narudi kwenye kura. Leo theluthi mbili ya wanachama 193 ni kura 129. Umoja wa Afrika una nchi 54 zenye kiti Umoja wa Mataifa. G4 na marafiki zao, pamoja na visiwa vya Karibi na Pasifiki, wanaweza kuijaza nafasi iliyobaki, ikiwa pande hizo zitakubaliana juu ya rasimu moja. Ningependa rasimu hiyo iwe na viti viwili vya kudumu vya Afrika, turufu itambuliwe lakini isitumiwe mpaka tathmini ya tarehe iliyotajwa, na kifungu kinachoondoa marufuku ya mjumbe wa kuchaguliwa kugombea tena mara muda wake unapokwisha, marufuku iliyomo katika Ibara ya 23. Kifungu hicho cha mwisho hakizungumzwi sana, ingawa miaka miwili hutosha kwa shida mjumbe kuijua kazi.

Baada ya kura, nchi zitaanza kuridhia moja baada ya nyingine, na Ibara ya 108 haikuweka muda wa mwisho. Serikali itakayokataa mwaka huu inaweza kuondoka madarakani na azimio likaendelea kusubiri saini ya itakayofuata. Mwaka 1963 hakuna aliyejua kama Ufaransa ingegeuka. Iligeuka Agosti 1965, kabla miaka miwili haijatimia.